Wanaobaki Kwenye Benchi

Jumapili ile nilikaa benchi la nne kutoka nyuma. Ilipofika zamu ya safu yetu kwenda kukomunika, yaani kupokea Ekaristi, mzee aliyekaa upande wa njia hakusimama. Aligeuza magoti yake pembeni, akavuta miguu chini ya benchi, nasi tukapita mbele yake mmoja mmoja. Hakuinua macho. Alikuwa akitazama kitabu cha nyimbo, ukurasa wa wimbo ambao tulikwisha kuumaliza kitambo.

Nilipokea, nikarudi, nikapiga magoti, nikafumba macho.

Sikusali. Nilikuwa nawaza yale magoti.

Namna ile ya kugeuza magoti naijua. Niliifanya mwenyewe kwa miezi 19, nikija Misa bila kuungama wala kupokea. Unajifunza kukaa ukutani kabisa ili usimpishe mtu, na ukichelewa ukakosa nafasi ya ukutani, unajifunza kupisha bila kukutana na macho ya anayepita. Unajifunza kuinamisha kichwa mapema kidogo, wakati padre bado anaumega mkate, ili watu wadhani umezama katika sala. Watoto tu ndio hawadanganyiki. Mmoja, mtoto wa watu nisiowajua, aliwahi kunivuta mkono akaninong'oneza: "Twende, ni zamu yetu."

Ni wiki 6 sasa tangu Jumapili ile ya mzee. Wiki za mwanzo nilikuwa na maneno niliyotaka kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga vizuri: Mzee wangu, mimi nilikaa nje miaka 11, nikadhani kurudi ni safari ya mwaka mzima, kumbe mlango ulifunguka kwa dakika 10 za maungamo. Nenda tu.

Niliyapenda sana maneno hayo. Ilinichukua muda kuona yana kasoro gani.

## Nilivyotoka

Sisi tuliorudi kundini tunapenda kusimulia kuondoka kwetu kana kwamba tulikaa kikao na nafsi zetu tukapiga kura. Nami nilikuwa na simulizi yangu. Kila aliyeniuliza nilimwambia: niliondoka kwa sababu ya maswali.

Ukweli ni kwamba Jumapili moja nilikuwa nimechoka, nikalala. Nilipoamka Misa ilikuwa imekwisha, na hakuna kilichotokea. Jua lilikuwa palepale. Jumapili iliyofuata haikuhitaji hata uchovu.

Nyuma ya usingizi ule kulikuwa na kaburi. Mwaka huohuo nilikuwa nimemzika ndugu yangu. Nilikuwa nimemsalia novena 3 mfululizo, zile sala za siku tisa, moja ikiisha naanza nyingine, na mazishini mtu mwenye nia njema kabisa akanishika bega akaniambia Mungu huchuma maua yaliyo mazuri zaidi. Sikumjibu. Nilikaa na jibu lile kifuani kwa miaka, na kwa kuwa sikuwa na wa kumpa, nilimwekea Mungu.

Maswali yalikuja baadaye. Niliyaokota kama mtu anayeokota kuni moto ukiwa umeshawaka. Mateso ya wasio na hatia. Mali za Kanisa. Mapadre waliowadhulumu watoto, na wakubwa wao waliowahamisha parokia badala ya kuwakabidhi kwa sheria.

Hili la mwisho sitaki lipite haraka. Ni kweli, na bado linaniuma. Aliyedhulumiwa na mtu aliyepaswa kumlinda, akaondoka, ana haki ya hasira yake na mimi sina neno la kumfundisha. Lakini mimi sikudhulumiwa. Mimi nilikuwa na uvivu, na msiba nisioweza kuubeba, kisha nikajificha nyuma ya majeraha ya watu wengine ili kuondoka kwangu kuonekane kuna heshima.

Hilo nililiungama peke yake, kama dhambi inayojitegemea.

## Neno lililokwama

Miaka ilipita bila Misa isipokuwa za arusi na mazishi. Kisha rafiki akanialika kwenye ubatizo wa mwanawe.

Nilikwenda kwa ajili ya rafiki. Nilisimama nyuma, mikono nimeikunja. Padre akawageukia wazazi na wasimamizi, lakini kama ilivyo kawaida sote tukaitikia pamoja nao.

Je, mwamkataa Shetani? *Namkataa.* Na mambo yake yote? *Nayakataa.* Na fahari zake zote? *Nazikataa.*

Nilijibu zote tatu bila taabu. Mdomo ulizikumbuka zenyewe.

Je, mwamsadiki Mungu Baba Mwenyezi, Muumba wa mbingu na nchi?

Mdomo ukagoma.

Watu waliitikia "Nasadiki" kunizunguka, na mimi nikasimama kimya, moyo unanienda mbio kama niliyeitwa jina mahakamani. Swali la pili, kimya. La tatu, kimya. Mtoto akamwagiwa maji, akalia, watu wakacheka kwa furaha, nami nikatoka nje kupunga upepo.

Nilikaa na kimya kile kwa wiki nyingi. Kilichonisumbua ni hiki: kama neno lile lilikuwa halina maana kwangu, lingenigharimu nini kulitamka? Kila siku tunatamka maneno tusiyoyaamini. Tunamwambia mtu "karibu tena" na hatutaki arudi. Neno tupu ni jepesi mdomoni. Lile halikuwa jepesi. Lilikuwa zito kiasi kwamba nisingeweza kulisema kwa uongo, wala sikuwa tayari kulisema kwa kweli.

Mtu asiyeamini kabisa angeitikia tu kwa adabu, akaenda kwenye sherehe.

Nikaanza kushuku kwamba kutoamini kwangu hakukuwa kumekamilika. Jumapili moja nikaingia Misa ya asubuhi, nikakaa ukutani. Nikaingia na iliyofuata. Sikumwambia mtu. Ndiyo ikawa ile miezi 19 ya kupisha magoti.

## Aliyeambiwa apige magoti

Katika miezi ile nilisoma maisha ya waongofu kwa njaa ya ajabu. Nadhani nilikuwa natafuta mtu aliyerudi bila kuwa na uhakika, ili niibe ruhusa kwake.

Nilimpata Charles de Foucauld. Alibatizwa akiwa mtoto mchanga huko Ufaransa, akapoteza wazazi wote wawili mwaka 1864 akiwa hajafikisha miaka 6, akalelewa na babu yake, na alipofika ujana imani ikamtoka. Akawa askari, akatapanya urithi. Mwaka 1883 na 1884 alizunguka Moroko kwa siri akichora ramani ya nchi, na huko kilichomtikisa ni kuwaona Waislamu wakisali. Watu walioishi mbele ya Mungu kana kwamba Mungu yupo kweli. Aliporudi Paris alianza kuingia makanisani na kurudia sala moja: Mungu wangu, kama upo, nijalie nikujue.

Oktoba 1886, akiwa na miaka 28, alikwenda katika kanisa la Mtakatifu Augustino jijini humo kumtafuta padre aliyeitwa Huvelin. Alimkuta kwenye kiti cha maungamo. Hakutaka kuungama. Alitaka kufundishwa dini, apate majibu. Huvelin akamwambia apige magoti aungame. Akamjibu kwamba hakuja kwa ajili hiyo. Padre akamwambia tena aungame. Akaungama, na papo hapo akatumwa kwenda kukomunika.

Maisha yake yote yaliyobaki yalitoka hapo, hadi jangwani Algeria, alipouawa Tamanrasset tarehe 1 Desemba 1916. Wakati anakufa hakuwa na hata mfuasi mmoja aliyekuwa akiishi naye. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2022.

Nilipoisoma habari ile mara ya kwanza niliikasirikia. Niliona padre yule amemvamia mtu. Mtu anakuja na maswali, unamwambia piga magoti! Nilifunga kitabu.

Lakini nilirudi kwake tena na tena, kwa sababu nilijua Huvelin aliona kitu ambacho mimi nilikuwa nakificha. Nilikuwa nimeyafanya majibu kuwa kiingilio. Nilisema nikipata majibu nitaungama. Na kila jibu lilipopatikana, nilitafuta swali jingine, kwa sababu jambo nililoliogopa halikuwa kukosa jibu. Niliogopa kusema kwa sauti, mbele ya mtu mwingine, mambo niliyoyafanya katika miaka 11.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, maana si kila mtu ni Foucauld na si kila swali ni maficho. John Henry Newman alikuwa padre wa Kianglikana mwenye jina kubwa pale Oxford, na alikaa miaka kadhaa akisoma mababa wa Kanisa, akiandika, akijiuliza, akijiuzulu nafasi moja baada ya nyingine, kabla ya kupokelewa katika Kanisa Katoliki tarehe 9 Oktoba 1845 na padre Mwitalia aliyefika kwake amelowa mvua chapachapa. Kwake maswali yalikuwa ndiyo njia yenyewe. Kumwambia Newman apige magoti miaka mitano mapema kungekuwa kumwomba aseme uongo.

Na yuko Edith Stein, mwanafalsafa Myahudi wa Ujerumani, aliyebatizwa tarehe 1 Januari 1922. Mama yake alikuwa mwanamke wa sala, mshika Sheria, na uongofu wa binti ulimchoma moyo hadi alipofariki mwaka 1936. Edith aliendelea kumsindikiza sinagogi kila alipokuwa nyumbani. Tunapomshangilia mtu anayeingia Kanisani kwenye Mkesha wa Pasaka, mara nyingi kuna mzazi mahali fulani amekaa kimya usiku huo. Sisi tuliorudi hatulipi gharama hiyo. Kwetu mama alikuwa akingoja mlangoni.

## Kitubio

Nilikwenda Jumamosi jioni ya Kwaresima. Nilikuwa na karatasi iliyoandikwa pande mbili.

"Unibariki Padre, kwa kuwa nimekosa. Tangu niungame mara ya mwisho ni miaka 11."

Nilitegemea ashtuke. Akasema, "Karibu."

Nikaanza. Nilieleza msiba wa ndugu yangu, nikaeleza yule mtu wa maua mazuri, nikaeleza hali niliyokuwa nayo kazini, nikaeleza kwamba wakati ule hata marafiki zangu wote walikuwa wameacha. Nadhani nilizungumza dakika tano. Padre alisubiri nilipovuta pumzi, akasema kwa upole:

"Nimekusikia, mwanangu. Hayo yote ni maelezo. Sasa dhambi ni zipi?"

Sijawahi kuulizwa swali lililonivua nguo hivyo. Nikaikunja karatasi. Nikazisema kwa majina yake na kwa idadi niliyoweza kukumbuka, bila "ila" na bila "kwa sababu". Zilikuwa fupi ajabu. Miaka 11 iliingia katika sentensi kama tisa.

Alinipa malipizi: Baba Yetu moja, niisali polepole.

Moja! Nilitaka kubishana naye. Nilitaka nipewe Njia ya Msalaba ya mwezi mzima, nitembee kwa magoti, nilipe. Nilihisi kama amedharau ukubwa wa nilichofanya. Nilipofika kwenye benchi na kuanza kuisali, nilikwama kwenye "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe waliotukosea", kwa sababu pale nilimkuta yule mtu wa mazishini amesimama na mkono wake begani mwangu. Ilinichukua karibu saa nzima kuimaliza Baba Yetu ile moja.

## Na kesho yake

Watu hutaka kusikia kwamba kesho yake, Jumapili, nilipopokea, nililia.

Sikulia. Nilisema "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu" pamoja na wengine, nikasogea na foleni, nikafungua mdomo, nikarudi, nikapiga magoti. Hostia iliyeyuka. Nilisubiri kitu. Kwaya ikaimba beti zote hadi mwisho na mimi bado nasubiri.

Nilitembea nyumbani na hofu mpya: labda nimejidanganya.

Simulizi za uongofu karibu zote huishia mlangoni, na nadhani zinatuumiza kwa hilo. Mtu anaingia, pazia linafungwa, anayesoma anadhani ndani kuna mwanga usiozimika. Mimi ndani nilikuta siku za kawaida. Nilikuta mahubiri yanayochosha na watu wanaosengenyana kwenye ngazi za kanisa. Nilikuta hasira yangu ileile imekaa inaningoja, safari hii ikiwa haina pa kujificha. Wiki kadhaa rozari ilikuwa kama kuhesabu mawe.

Kilichobadilika kilikuwa kidogo sana, na sikukiona hadi miezi ikapita. Siku ya kumbukumbu ya kifo cha ndugu yangu nilitoa nia ya Misa. Padre alipolitaja jina lake katika Sala ya Ekaristi, jina la nyumbani tulilozoea kumwita likifuata la ubatizo, nilitambua kwamba kwa miaka 11 nilikuwa nimekataa kuingia mahali pekee duniani ambapo jina lake bado lilikuwa likitajwa pamoja na ya walio hai.

Pale nililia.

## Waliosimama bila kupokea

Sasa nirudi kwa mzee, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Katika wiki za kusumbuka juu yake nilirudia kusoma habari ambayo zamani niliipitia haraka. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wa dola yake watoe sadaka kwa miungu na wapewe hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi waliogopa, wakatoa. Wengine walinunua hati bila kutoa. Mateso yalipotulia, watu hawa wakarudi milango ya makanisa, wanalia, wanataka kupokelewa. Kanisa halikuwa limewahi kuona umati wa namna hiyo. Huko Roma padre aitwaye Novatian alisema wasipokelewe kamwe, akajifanya askofu mpinzani wa Cornelius mwaka 251. Kule Carthage baadhi walitaka warudishwe siku hiyohiyo, kwa barua tu za waungama dini, yaani Wakristo waliofungwa gerezani kwa kuikiri imani. Askofu Cyprian alikataa yote mawili: warudi, lakini warudi kwa toba inayochukua muda wake.

Miaka 75 hivi baadaye, maaskofu wa Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, waliweka kanuni juu ya walioikana imani pasipo kulazimishwa, katika mateso ya Kaisari Licinius. Ni ya 11. Miaka 3 wawe miongoni mwa wasikilizaji, wanaosikia Maandiko tu. Miaka 7 wapige magoti na watubuji. Kisha miaka 2 washiriki sala zote pamoja na waamini, lakini bila sadaka, yaani bila kupokea.

Jumla miaka 12. Nilihesabu mara mbili.

Zamani kanuni hii niliiona ya kikatili tu, na bado naiona ngumu kupita kiasi. Nafurahi Kanisa halifanyi hivyo tena. (Kanuni ya 13 ya Mtaguso huohuo inasema anayekufa asinyimwe chakula cha safari ya mwisho, kwa hiyo hata wao walijua pa kulegeza.) Lakini safari hii jicho langu lilikwama kwenye ile miaka 2 ya mwisho. Watu waliosimama katikati ya waamini, wakasali kila sala tangu mwanzo hadi mwisho, wasipokee. Hawakuwa nje. Hawakuwa wageni. Walikuwa na mahali pao ndani ya kanisa, mahali panapojulikana, na kila mtu alijua kwamba wanaosimama pale wako njiani.

Mimi miezi 19 nilidhani benchi lile ni aibu isiyo na jina. Kumbe watu walishawahi kusimama pale kabla yangu, karne kwa karne.

## Aliyonijibu

Wiki 2 zilizopita nilimfuata mzee baada ya Misa. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Nikamtolea maneno yangu niliyoyapanga, ya miaka 11 na dakika 10. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Mwanangu," akasema, "kwenye kitubio nimekwenda. Padre alinisikiliza vizuri sana."

Nikanyamaza.

Akanieleza, na ameniridhia niyaandike haya lakini si zaidi ya haya. Ndoa yake ya kanisani ilivunjika mwaka wa pili. Mke aliondoka, akaanza maisha kwingine. Baadaye akaishi na mwanamke ambaye wamekaa naye miaka 31, wamelea watoto, na sasa mzee ndiye anayemuuguza mama huyo. Ndoa hiyo ya pili si ya kanisani. Shauri la kuamua kama ile ya kwanza ilikuwa ndoa halali liko kwenye Mahakama ya Kanisa. Mashahidi wawili wameshafariki. Padre anatembea naye katika hilo, na yeye hataki kuchukua hatua kabla ya wakati.

Ninajua kidogo mambo haya. Ninajua kwamba mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba walio katika hali kama yake wasijione wametengwa na Kanisa, wahimizwe kuja Misa na kusali. Kwamba mwaka 2015 Papa Fransisko alifupisha taratibu za mashauri ya ndoa kwa kuondoa ulazima wa hukumu ya pili inayothibitisha ya kwanza. Kwamba mwaka uliofuata aliwataka wachungaji wawasindikize watu hawa mmoja mmoja, kila mmoja kwa hali yake. Nayajua yote hayo, na mbele ya mzee yule hayakunisaidia kusema lolote. Mlango wangu ulifunguka kwa dakika 10 kwa sababu kilichoufunga kilikuwa mkononi mwangu. Wa kwake una mikono mingi.

Nikamwomba radhi.

"Hapana, umefanya vizuri kuja," akasema. "Wengi huwa wanapita tu." Kisha akaniuliza: "Wewe ulipokuwa ukikaa, wakati wengine wanakwenda, ulikuwa ukifanya nini?"

Nilifikiri. Nikamwambia kweli: nilikuwa nangoja iishe.

Akatikisa kichwa, kama mtu anayemwelewa mwenzake kabisa.

"Mimi huwaombea wanaopita," akasema. "Kila anayenipita magotini, namwombea mmoja. Wewe nimeshakuombea, labda mara nne, tano."

Nilimuuliza huwa anatuombea nini.

"Msizoee," akasema, akatafuta fimbo yake, akaenda.

Jumapili iliyofuata nilichagua benchi lake. Zamu yetu ilipofika aligeuza magoti pembeni, akavuta miguu. Nilipita polepole kuliko kawaida, na nilipofika usawa wake nikasikia midomo inanong'ona.